Amchemshia shira mume wanayegombana mahakamani

Ni Aprili, na kaunti ya Lanark bado imeganda. Verna Drummond anakwangua barafu kwenye kioo cha basi la shule huku akitukana kimoyomoyo. Ana miaka hamsini na sita, magoti yanamuuma, na jana alitoka mahakama ya familia mikono mitupu.

"Jaji amekuona tena, shoga?" anauliza Lorna Tennant, dereva mwenzake, akipuliza kahawa.

"Ameniona. Mimi ndiye sikumwona, machozi yalinijaa."

Kwa karibu miaka thelathini, Verna na mumewe Garnet waligema utomvu mtamu wa miti ya mepo (maple) na kuuchemsha hadi uwe shira nzito. Mshahara wa Verna wa basi ulinunua mabomba na kulisha nyumba. Mapipa ya shira aliyauza Garnet. Kwa nani na kwa bei gani, mke hakuuliza.

"Nani anamdai risiti mtu anayelala naye?" anasema.

Walipoachana, sheria ilimtaka kila mmoja aweke wazi alicho nacho. Verna alipeleka kila kitu, hadi bili ya meno. Garnet alileta karatasi moja: trekta bovu na deni analodaiwa na kaka yake. Akaunti ya benki hakuitaja, wala wanunuzi. Bila hayo hakuna cha kugawana, na Verna analala chumba cha chini kwa dada yake.

Jaji akamwamuru Garnet alete taarifa zote ndani ya mwezi mmoja. Mwezi wenyewe ukaangukia Machi, utomvu unapoanza kutoka.

Huku, wakati huo hakuna anayekaa ndani. Utomvu usipochemshwa mapema unachacha. Garnet, kiuno kimemkamata, akapiga simu: "Vee, nakuomba. Matangi yanafurika."

Verna akavaa buti akaenda. Alikesha naye motoni zaidi ya wiki.

"Dada yangu aliniita mpumbavu. Sawa, mimi mpumbavu. Lakini niuache umwagwe?"

Muda ukaisha, Garnet hajaleta hata karatasi. Verna, asiye na uwezo wa kuweka wakili, akaiomba mahakama itekeleze amri yake yenyewe. Ndipo wakili wa Garnet akasimama, mpole kama muuguzi mwenye sindano.

"Mheshimiwa, mama huyu alishinda kwenye banda la shira siku zote hizo. Mapipa ameyaona, funguo alipewa. Amefichwa nini?"

Jaji akamgeukia Verna. "Ni kweli ulikwenda?"

"Nilikwenda, mheshimiwa. Utomvu ulikuwa unatoka."

Wenyeji wa benchi la nyuma wakaitikia kwa vichwa; hata Garnet aliitikia kwa chake. Jaji, mtu wa mjini asiyejua msimu wa utomvu, aliandika tu. Garnet akaongezewa muda, kesi ikasogezwa hadi Septemba.

"Mapipa niliyaona," Verna anasema. "Pesa zilikokwenda sikukuona. Nilijaribu kueleza, nikaambiwa nikae."

Anasema Septemba atarudi, na safari hii ataomba jaji aandike adhabu ndani ya amri.

"Na wakisogeza tena hadi Machi?" Lorna anamchokoza.

"Nitakupa funguo za gari langu, unifungie ndani."

"Garnet akija kukuchukua mwenyewe je?"

Verna anapanda basi, anakaa kwenye usukani, anawasha injini. Wanafunzi wanamsubiri barabarani.

"Nitakwenda," anasema, bila kumtazama. "Mungu wangu, Lorna, nitakwenda."