Vape ya mume wangu yenye temperature control ilikuwa inaungua Ijumaa tu

Wakuu, hamjambo humu?

Nimeona uzi wa yule jamaa anayeuliza kama kuna maana yoyote ya kununua vape yenye temperature control. Nimesoma majibu yenu yote nikacheka peke yangu jikoni. Nusu mnasema utapeli, nusu mnasema ukishaionja hurudi nyuma.

Mie sivuti. Sijawahi. Ila hii ishu naijua kuliko wengi wenu, maana imetokea ndani kwangu, Goba, na mhusika kakaa hapa kwenye kochi anachungulia ninachoandika. Nikitia chumvi atanikatisha mwenyewe, kwa hiyo someni bila wasiwasi.

Mhusika ni Baba Tatu, mume wangu. Mnyamwezi wa Tabora, karani kwenye ofisi moja ya mizigo huko Kipawa. Mie Mzaramo, mzaliwa wa Mtoni, Temeke. Mnaojua utani wa makabila yetu haya mawili mshaelewa. Nikimwita majina humu msimwonee huruma, na yeye huwa hanionei.

Kazi yangu napika udi. Udi wa harusi, udi wa uzazi, udi wa kufukizia nguo. Wateja wangu ni mama wa mabibi harusi, na hakuna binadamu mgumu duniani kama mama wa bibi harusi. Kwa hiyo pua yangu ndiyo ofisi yangu.

Sasa piga picha mwanamke wa hivyo kaolewa na mvuta sigara.

Ila harufu haikuwa ishu kubwa. Ishu ilikuwa kifua.

Marehemu baba yangu alikuwaga mvuta sigara, na kifua ndicho kilichomwondoa. Nilimuuguza mie mwenyewe. Kile kikohozi cha asubuhi, kile cha kukaa kitandani umeinama unasubiri kiishe, nakijua. Mwaka wa nne wa ndoa nikaanza kukisikia kwa Baba Tatu. Anaamka, anakohoa, ananiambia "vumbi la Goba hili." Vumbi! Nyumba nzima tunalala humo humo, mbona linamchagua yeye?

Nilikuwa naogopa, wakuu. Sikuwa namwambia kwa ukali, nilikuwa naogopa kweli kweli. Sikutaka kumzika mume kwa ugonjwa nilioshamzikia baba.

Alijaribu kuacha akashindwa. Akajaribu tena, akawa mkali kama nyuki nyumba nzima hadi mtoto anamkimbia, akashindwa tena. Ndipo mwenzake kazini akamwambia ajaribu vape, apunguze pole pole.

(Kabla hamjanirukia: sisemi vape ni dawa. Kama hujawahi kuvuta kitu, usianze na hiki, na mwanangu nikimkuta nacho hapo baadaye tutajuana. Naongelea mtu aliyekuwa kwenye sigara tayari.)

Akaanza na kile cha bei nafuu, cha kubonyeza tu. Siku za mwanzo tukashangilia. Anavutia barazani, sigara hagusi, mie napika udi wangu naimba.

Halafu yakaanza ya pamba.

Kwa wasiojua: ndani ya vape kuna koili, ni waya uliokaa na pamba, na pamba imelowa juisi. Ukibonyeza, waya unapata moto, juisi inatoa mvuke. Sasa juisi ikipungua kwenye pamba, kile cha kawaida hakijui. Kinaendelea kupika tu. Unavuta pamba iliyoungua.

Baba Tatu akivuta ile, anakunja uso, machozi yanamtoka, anakohoa hadi jirani anauliza kulikoni. Akiingia ndani ananuka kama pasi iliyosahaulika juu ya shati.

Siku moja alinisogelea nikamwambia, "Mtani, leo umekula godoro?"

Akacheka. Nilidhani kacheka. Lile neno lishikeni.

Kikohozi kikarudi, na yeye akaanza kusema maneno ya "bora hata sigara, angalau haiunguzi koo." Nikamwambia Jumamosi twende Sinza, kuna duka la sista mmoja anauza hivi vitu, tukamuulize yeye.

Yule sista ndiye alinifundisha temperature control. Akasema hii mashine unaipangia joto, tuseme nyuzi mia mbili na kidogo, na haivuki hapo. Nikamuuliza, "Inajuaje joto, ina kipimo ndani?" Akasema haina. Inausoma waya wenyewe. Waya ukizidi kupata moto, umeme unapita kwa shida zaidi, mashine inahisi ile shida, inapunguza nguvu. Pamba ikikauka, joto linataka kupanda ghafla, mashine inakata.

Nikamwambia Baba Tatu nunua. Hakuelewa kwa nini nimekubali haraka hivyo.

Wanaopika udi mtanielewa. Sukari ya udi ikizidi moto kidogo tu, sufuria zima unamwaga. Na hata udi wenyewe huutupi juu ya kaa jekundu tupu, unaungua, unatoa moshi mchungu. Unaacha kaa livae jivu kwanza, ndipo unaweka, ndipo unanukia. Maisha yangu yote nimekuwa nikizuia moto usizidi. Leo naambiwa kuna mashine inafanya hivyo yenyewe, niikatae kwa lipi?

Sista akatupa masharti. La kwanza, koili ziwe za waya wa stainless steel, na kwenye mashine uchague hivyo hivyo, maana zile za kawaida haiwezi kuzisoma. La pili, ukifunga koili mpya, mashine itakuuliza "new coil?" Usibonyeze "yes" mpaka uhakikishe koili imepoa kabisa, maana hapo ndipo inapoanzia kuhesabu joto.

Baba Tatu akaitikia, "Sawa, sawa, sawa." Wanaume mnavyoitikiaga dukani mnajijua.

Koili ya kwanza alifunga sista mwenyewe. Wakuu, ilikuwa raha. Hakuna kuungua, hakuna godoro. Juisi ikikaribia kuisha mvuke unapungua tu taratibu, anajua aongeze. Kikohozi cha asubuhi kikaanza kupungua, nami nikaanza kulala usingizi wa watu.

Ikafika siku ya kubadili koili. Akaibadili nyumbani mwenyewe, Ijumaa, siku yake ya off. Akaenda barazani akavuta.

Nikiwa jikoni nikasikia kikohozi. Pamba imeungua!

Tukasema labda ni koili mbovu. Akavumilia nayo wiki nzima hivyo hivyo, anavuta kidogo kidogo amekunja uso. Ijumaa iliyofuata akafunga nyingine mpya. Imeungua palepale, safari hii vibaya zaidi.

Nikaanza kuingiwa na mambo yangu ya kipwani. Mbona ya Sinza haikuungua? Mbona ni Ijumaa? Nikampigia mama yangu kule Mtoni, akaniambia bila hata kufikiri, "Mashine hiyo haitaki Ijumaa." Baba Tatu akasema Wazaramo bwana, hata umeme mnaupeleka kwa mganga.

Alisema kwa mdomo mwepesi ila uso ulikuwa umeanguka. Akaiweka mashine mezani akasema, "Mama Tatu, mie nimejitahidi. Hii kitu wametupiga. Usinilaumu."

Nikajua hapo sigara inarudi. Hakulitaja jina lake ila nikajua.

Nikampigia sista nikaweka spika.

"Koili ilikuwa imepoa ulipobonyeza yes?"

Baba Tatu akajibu, "Imepoa, sista. Mpya kabisa, imetoka kwenye pakti."

"Haijavutwa kabla?"

"Haijavutwa."

"Basi sielewi. Hebu njoo nayo kesho niione."

Sista akakata simu. Nikaichukua ile mashine, nikaikagua kama nakagua bandia, sijui hata natafuta nini. Nikainusa.

Wakuu. Ilikuwa inanukia udi. Na sio udi wowote, udi wangu, ule ninaowapikia bibi harusi, wenye karafuu kidogo. Kile kitangi cha juu, kinachobeba juisi na koili, chote kimekolea, hadi kwenye nyuzi za skrubu za kufungia.

Nikamtazama. "Baba Tatu, hii imepita wapi?"

Anaangalia dirishani.

"Mtani, nakuuliza."

Akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Niliiweka kwenye tenga."

Sasa wa bara niwaeleze. Mie kila Ijumaa asubuhi nafukiza nguo. Naweka chetezo cha makaa na udi chini, nafunika kwa tenga, natandaza nguo juu yake: kanzu yake, baibui langu, shuka. Ule moshi wa moto moto unapanda unaingia kwenye nguo.

Kumbe mwenzangu kila akitia koili mpya kwenye kitangi, anakichomoa na kukichomeka kwenye tenga katikati ya kanzu na shuka, anaenda kuoga. Akirudi kimepata joto la makaa vizuri, anakichukua, anakifunga kwenye mashine. Mashine inauliza "new coil?" Anabonyeza "yes."

Yaani mashine inaambiwa hapa ndipo baridi inapoanzia, wakati chuma kimetoka juu ya makaa! Inahesabu kutokea hapo. Akiiambia iishie nyuzi mia mbili na kidogo, yenyewe inavuka mbali kabisa huku inadhani iko sawa. Kwa hiyo pamba inaungua. Jini hakuwepo wala Ijumaa haikuwa na kosa.

Nikashikwa na kicheko nikakaa chini. Nikamuuliza, "Sasa wewe mtu mzima, na vyeti vyako, nani kakutuma kufukiza vape?"

Hakucheka.

Akasema, "Uliniambia nanuka godoro."

"Si utani?"

"Najua utani. Ila usiku wewe ndio ulikuwa unageukia ukutani. Nikaona kama unafukiza shuka ili zinukie unavyopenda, na mie nifukize hiki, nikirudi kwako ninukie hivyo hivyo."

Jamani. Kicheko kiliishia hapo hapo. Nimeishi na huyu mtu miaka yote hiyo namtania kwa kila kitu, sikujua lile neno lilikwenda likakaa wapi.

Halafu akaingiza mkono mfukoni mwa kanzu akatoa sigara moja, ya kununua rejareja. Akaniambia kaipitia dukani alipotoka msikitini. Nikamuuliza mbona hujaiwasha.

"Kanzu ulishaifukiza asubuhi," akasema. "Nikaona nitaiharibu."

Nikalia, siwafichi. Nikamkumbatia na sigara yake mkononi. Mwanetu Tatu akaja akauliza nani kafa.

Tuliiacha koili ikapoa juu ya sinki hadi ikawa baridi ya kweli, tukabadili pamba, tukabonyeza "yes" upya. Baba Tatu akavuta mara moja, akanitazama, akavuta tena. Laini, haikumkera koo hata kidogo. Tangu hapo hakuna Ijumaa iliyoungua, na nguvu ya nikotini kwenye juisi anaishusha kila akinunua chupa mpya.

Kwa hiyo jamaa uliyeuliza, jibu langu: temperature control ina maana, tena sana, kwa mtu anayetaka koo lipone na asirudi kwenye sigara. Ila ukiwa mvivu wa masharti, utaona ni utapeli na utaitukana bure. Koili za stainless steel, na ipoe kabla hujaithibitisha. Hasa huku kwetu Dar ambako hata kitu ulichokiacha kwenye gari kinatoka kama kimechemshwa.

Na kwa nyie wenye wavutaji majumbani, mie nilichojifunza ni kuangalia utani. Nilikuwa nahangaika na mashine wakati mtu wangu alikuwa anataka nimgeukie tu.

Baba Tatu hapa anasema nifute hiyo sentensi. Siifuti.

Jumapili iliyopita niliamka kabla yake, nikabaki nimelala kimya nasikiliza. Akaamka, akajinyoosha, akakaa kitandani. Nikasubiri kile kikohozi. Akaniambia tu, "Mtani, chai ipo?" na sauti yake ilikuwa safi.

Haya, uwanja wenu. Mliowahi kutumia temperature control mseme, mnaopinga pia mseme, ila kwa adabu, mume mwenyewe yupo anasoma.