Kulitambua Gari la Daraja la Juu

Siku yangu ya kwanza katika karakana ile ya mjini Plymouth, Marekani, nilivaa tai. Nakuru nilikotoka nilikuwa fundi wa malori kwa miaka ishirini, lakini mke wangu, aliyetangulia Marekani na kuajiriwa katika nyumba ya kutunza wazee, alisisitiza kwamba siku ya kwanza mtu hupimwa kwa mavazi. Msimamizi wa karakana alinitazama kutoka shingoni hadi viatuni. "Hiyo tai itakunyonga kwenye feni ya injini," akasema, kisha akanionyesha pipa la kuoshea vyuma. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi. Niliosha vyuma majira mawili ya baridi.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaopima magari kwa kompyuta, maana kazi yetu sidhani kama mtaikuta. Tulifufua magari ya zamani ya Kimarekani, yale ya milango miwili na boneti ndefu, yaliyotoka kiwandani miaka ya sitini. Gari moja, kwa sura ile ile, liliuzwa kwa madaraja matatu. La chini lilikuwa na silinda sita, gari la kwendea kazini na kanisani. La kati lilikuwa na silinda nane, kabureta ya midomo miwili, na breki za ngoma magurudumu yote. La juu ndilo lililowatoa watu udenda: injini kubwa zaidi, kabureta ya midomo minne, springi ngumu, breki za diski mbele, na herufi mbili za chuma, alama ya daraja hilo, kwenye kila madigadi ya mbele, ile bati ya juu ya gurudumu.

Shida ni kwamba herufi zinauzwa dukani. Kwa hiyo palikuwa na mkaguzi mkuu, mzee mkimya, ambaye nilipelekwa chini yake baada ya kufunga breki kwa muda. "Usiamini kitu kinachofunguliwa kwa spana," aliniambia. "Tafuta kile ambacho mdanganyifu hakujua kinahitajika." Tulilipandisha gari, tukapima bomba la mafuta, kwa sababu injini kubwa ilikunywa zaidi na bomba lake lilikuwa pana tangu kiwandani. Tulitazama ukubwa wa difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma. Tulisugua kutu mpaka namba iliyogongwa kwenye injini ionekane, tukailinganisha na ya chesi, yaani fremu ya gari. Alipostaafu nilirithi tochi yake na kiti chake. Nilijivuna, siwafichi.

Ndipo akaja Bwana Roy, mgane wa mji jirani wa Crystal, mwenye miaka kama sabini. Gari lilikuwa la kaka yake, aliyelinunua muda mfupi kabla ya kupelekwa vitani Vietnam, asirudi. Lilikuwa limefunikwa turubai miaka yote hiyo. "Kaka alinunua la juu kabisa," aliniambia, kiganja juu ya boneti. "Baba alimwambia hataweza. Akaweza." Hakutaka kuliuza. Alitaka karatasi yenye sahihi yangu, aitundike kando ya picha ya kaka yake, wanawe na wajukuu waione.

Nilijua kabla ya saa sita mchana. Bomba lilikuwa jembamba, difu dogo, breki za ngoma mbele na nyuma. Namba za injini na chesi zililingana vizuri kabisa. Lilikuwa gari la daraja la kati, halijawahi kuguswa, ila zile herufi.

Sasa, kwetu habari mbaya haipigiwi simu, wala hapewi mtu aliye peke yake. Unaita jamaa zake, mnaketi, mnakunywa chai, kisha msemaji anasema. Nikampigia Bwana Roy na kumwambia ukaguzi umekwisha, aje Jumamosi, na aje na wanawe. Akasema ahsante mara tatu, sauti imembadilika. Nikadhani ameelewa.

Ijumaa mezani nilimsimulia mke wangu. Akaweka kijiko chini.

"Baba Kendi, ulimwambia aje na watoto?"

"Ndiyo. Hiyo hawezi kuibeba peke yake."

"Hawa watu ukiwaita na watoto wanajua ni sherehe. Kule job daktari humwambia mtu hapo hapo kwa kitanda, akiwa peke yake. Mpigie sasa hivi."

Sikupiga. Nilimjibu kwamba msiba ni msiba kila mahali.

Jumamosi walikuja tisa. Binti mkubwa alibeba keki yenye gari la sukari juu yake, na wajukuu walivaa fulana zilizochapwa zile herufi mbili. Bwana Roy alikuwa amevaa tai. Nilisimama kando ya birika langu la chai nikawaambia: hili ni la daraja la kati, herufi ziliwekwa baadaye. Hakuna aliyelia. Mjukuu mmoja aliuliza kama keki bado itakatwa.

"Ungeniambia kwenye simu," alisema Bwana Roy. Kisha akasema, "Zitoe. Nikiwa hapa."

Msimamizi alinipa ishara nifanye hivyo. Nilianza na madigadi ya kushoto. Nyuma ya herufi palikuwa na matundu yaliyotobolewa kwa mkono, yamepinda kidogo, na vumbi. Mkono wangu ukashika kitambaa chenye thina, dawa ya kuyeyusha rangi na uchafu, kama ulivyozoea, maana kabla ya kuziba tundu chuma husafishwa. Nilikuwa nimeshapitisha mara moja nilipoona kwamba palikuwa na alama za penseli. Mistari ya kupimia, na chini yake maandishi. Yaliyobaki yalisomeka "na Roy". Yaliyotangulia yalikuwa kwenye kitambaa changu.

Watu tisa walikuwa nyuma yangu. Nilikuwa nimeshamnyang'anya gari la kaka yake mbele ya wajukuu zake, na sikuweza kugeuka nimwambie nimefuta na mwandiko wa kaka huyo. Nikapitisha kitambaa mara ya pili. Upande wa kulia nilitazama vizuri kabla ya kugusa. Hapakuwa na kitu.

Sasa nimestaafu, naishi Brooklyn Park, mji wa jirani, na hakuna anayeniuliza habari za difu. Aliyenirithi nilimfundisha bomba, difu na namba. Nilimfundisha pia kupiga simu. Kutazama nyuma ya herufi kabla ya kushika thina sikumfundisha, kwa sababu angeniuliza nilijuaje, na aibu ilinizidi.

Katika wiki yangu ya mwisho kazini, binti yule mkubwa alipiga simu. Alisema baba yake amedhoofika na kila siku anauliza kama tulikuta chochote cha kaka yake ndani ya lile gari, hata kikaratasi. Nikamwambia hapana, hatukukuta kitu. Akanishukuru. Alisema alijua nitamweleza ukweli, kwa jinsi nilivyowaeleza siku ile.