Kamba wa Hemedi na Maji Yaliyopikwa

Saa kumi na mbili asubuhi, Hemedi Asumani amechuchumaa mbele ya tangi la vioo sebuleni kwake, katika kata, au komini, ya Kabondo, Kisangani. Umeme umekatika mtaani tangu jana na pampu ndogo ya hewa imenyamaza. Anateka maji kwa kopo, anayamwaga tena kutoka juu ili yaingie hewa, kisha anateka tena. Anatumia mkono wa kushoto. Wa kulia umelala mapajani, vidole vimekakamaa.

Ndani ya tangi wamo kamba wadogo wa maji baridi, ambao hapa mjini huitwa kosakosa, wembamba kama njiti za kiberiti. Walikuwa wengi hata hakuona haja ya kuwahesabu. Leo wamebaki saba. Mmoja ni jike aliyebeba mayai chini ya tumbo, na mayai hayo ndiyo tegemeo pekee la nyumba hii.

Hemedi, mwenye umri wa miaka hamsini na minne, alikuwa fundi vioo. Ukimsikiliza yeye, nusu ya madirisha ya maduka ya mjini yamepita mikononi mwake. Tukipunguza majivuno kidogo, bado ni mengi. Miaka miwili iliyopita kioo kilimponyoka kikamkata mishipa ya kiganja. Fundi vioo asiyeweza kukunja vidole atashika nini? Akabaki nyumbani akitazama ukuta.

"Nilikuwa kama mutu mwenye kufiwa na yeye mwenyewe," ananiambia mimi, mgeni wake wa asubuhi hii.

Aliyemwinua ni tonton Lambert, yaani mjomba kwa heshima tu, mfanyabiashara wa Kinshasa anayeuza ng'ambo samaki wa mapambo. Huyo alimweleza kwamba kuna watu wanaofuga kamba kwa ajili ya kuwatazama tu, na kwamba wale wa vijito vya nyuma ya mji mdogo wa Yanonge, wenye mistari mgongoni, wanatafutwa sana. Hemedi alikuwa na tangi ambalo mteja aliliagiza asirudi kulichukua. Akatandika mchanga wa mto, akapanda majani, akafunga sponji ya kuchuja, akajaza maji na kusubiri.

Kusubiri ndiyo kazi yenyewe. Uchafu wa kamba hugeuka sumu majini, na vinavyoila sumu hiyo ni vijidudu visivyoonekana, vinavyozaliana taratibu kwenye mchanga na sponji. Huchukua wiki kadhaa. Ili vipate chakula, kipande cha samaki huachwa kioze humo tangini, nyumba ikanuka na wageni wakakunja pua. Hali ya maji kuwa tayari Hemedi anaiita kuiva, kama ndizi zilizofunikwa.

Wakati maji yakisubiriwa, alikwenda Yanonge kwa Mama Josée, anayetega kamba vijitoni kwa vikapu. Kutoka huko akampigia simu mkewe, Safi, ambaye humwita Mama Nyota kwa jina la mtoto wao.

"Bon, mi nilimwambia: Mama Nyota, acha maji iive. Neno ilikuwa hiyo tu."

Safi alilisikia neno hilo kwa masikio ya jikoni. Kwa mwanamke aliyepikia watu tangu usichana wake, kitu hakiivi bila moto. Basi akalikomba tangi sufuria kwa sufuria, akayachemsha maji yote kwenye makaa. Mchanga akaumwagia maji ya moto, sponji akaitokosa, na yule samaki aliyeoza, aliyekuwa amemkera siku nyingi, akamtupa. Sufuria moja ikamponyoka ikammwagikia mguuni. Akaufunga kwa kipande cha kitenge akamaliza kazi, maana alitaka mumewe akute pasafi.

Na kweli, jamani, alikuta pasafi. Maji yanang'aa, harufu hakuna. Hemedi akafurahi akidhani yameiva vizuri, akawamimina kamba wote aliowaleta kutoka Yanonge.

Kesho yake wakaanza kulala ubavu na kufa, maana moto ulikuwa umeviua vile vijidudu vyote. Safi alipoeleza alichofanya, Hemedi alimfokea hadi majirani wakajaa mlangoni. Mmoja wao, Rachida, ndiye aliyemwambia aache kelele amtazame mkewe mguu. Alikuwa hajauona tangu arudi.

Mguu huo haujapona. Umeingia usaha, na muuguzi anayeusafisha amesema vidole viwili huenda vikakatwa. Safi analisimulia hilo kama anayezungumzia mguu wa jirani.

Kurudi Yanonge hakukusaidia. Wachimba dhahabu wamefika juu ya kijito, maji yamekuwa tope, na vikapu vya Mama Josée vinatoka vitupu. Kilichobaki ni hao saba, waliookolewa kwa ndoo ya maji ya mvua mpaka tangi likaiva upya.

Jana Lambert alipiga simu: kuna mnunuzi, awatume wote saba, pamoja na jike na mayai yake. Malipo yangetosha kumpeleka Safi kwa daktari mara moja. Hemedi anasema alishindwa kuamua juu ya mguu usio wake, akampelekea mkewe simu. Safi aliuliza jambo moja tu: wakiondoka hawa, kuna wengine? Akajibiwa hakuna.

"Usitume, Papa Nyota," akasema. "Mi niliua wenzao. Acha nilee hawa."

"Na mguu?"

"Mguu iko wangu."

Hemedi alibishana naye hadi usingizi ukawashinda, na hakushinda yeye. Lambert naye amelegeza kamba: akitumiwa picha ya watoto walio hai, atatanguliza malipo. Hayo yatakuwa ya daktari kwanza. Yakibaki, Hemedi anataka tangi la pili, Safi awe mikono yake ya kukata vioo.

Ananionyesha mayai kwa kidole kisichokunjika. Yameanza kuwa na vidoa vyeusi, macho ya watoto. Yataanguliwa karibuni, jike akiwa hai na umeme ukirudi. Muuguzi naye anakuja Alhamisi kutoa uamuzi juu ya vidole vya Safi.

"Mi naomba kitu moja tu," Hemedi anasema, akiteka tena. "Mayai ipasuke kabla ya kisu."