Mkono Uliotoka Nyuma ya Pazia

Baba alipofariki, mama aliingia eda katika chumba cha ndani cha nyumba yetu, kule Msambweni. Mama mdogo, nduguye wa kumfuata, akahamia kwetu ili akae naye. Watu wa nyumba tukawa watatu tu, na mmoja wetu hakuruhusiwa kuonekana na mwanamume wa kando mpaka muda wake uishe.

Shangazi, dadake baba, alikuja kutoka Majoreni kuhani. Alifika akilalamikia kichwa na kiuno, nasi tukadhani ni kilio na uchovu wa njia. Alikumbatiana na mama, wakalia pamoja, wakala sahani moja, wakalala mkeka mmoja. Kisha homa ikampanda, na vipele vikamtoka usoni na mikononi, hata viganjani. Jirani mmoja alichungulia mlangoni, akarudi kinyumenyume.

"Tetekuwanga haijai viganjani namna hiyo," alisema. "Hiyo ni ndui."

Mimi sikujua. Nilitaka iwe tetekuwanga, lakini kutaka si kujua.

Shangazi alipelekwa kwenye kibanda cha makuti kilichojengwa mbali na nyumba za watu, akauguzwa na bibi mmoja ambaye ndui ilikwisha kumpitia zamani. Alipona, alhamdulillahi, ingawa uso wake haukuwa ule tena. Sisi tuliambiwa tusitoke wala tusipokee mgeni. Majirani walikuwa wakiweka unga na muhogo njiani, wanaita, halafu wanaondoka mbio kabla hatujaitikia. Siwalaumu. Pengine mimi nisingeleta hata huo muhogo.

Ndipo akaja mchanjaji na baiskeli yake, na kisanduku kimefungwa nyuma.

"Mko wangapi?"

"Watatu."

"Naona wawili."

"Wa tatu yumo eda."

Akajikuna shingo. "Ndui haijui eda, bwana."

Mama akasikia. Sauti yake ikatoka ndani: "Na mimi simjui yeye. Mwambie aende zake na sanduku lake. Ndui nilishaipata nikiwa mtoto."

"Ile ilikuwa surua, dada," mama mdogo akamjibu. "Ndui gani hiyo isiyoacha hata kovu moja?"

Nilichanjwa mimi kwanza, na ile sindano ilipokwaruza nikapiga ukelele ambao sikuutarajia. Mama mdogo akafuata, amejifunika gubigubi na kutoa bega tu. Kisha akaingia ndani kumshawishi dadake. Tulisikia wakinong'onezana, halafu wakagombana. Pazia likasogea kidogo, na mkono ukatoka.

Mkono wenyewe ulikuwa umezungushiwa kitambaa cheupe tangu kwenye vidole mpaka juu ya kiwiko. Palipoachwa wazi ni padogo tu, pa kutosha sindano. Mchanjaji akadondosha dawa, akakwaruza, na mkono haukutikisika.

"Wa ndani huyu ni mwanamume kukushinda wewe," aliniambia.

Akatuonya tusijikune, maana usaha wa kidonda kimoja huweza kuzaa kingine. Akasema pia kwamba homa ikija tusishtuke, kwani huenda ni chanjo inashika. Angerudi kutazama.

Kidonda changu kilivimba, kikatunga usaha. Cha mama mdogo pia. Lakini asubuhi moja alipokuwa akivuta maji kisimani, leso ikamteleza, nikaona ana kidonda bega la kushoto na kingine mkono wa kulia.

"Mama mdogo, ulichanjwa mara mbili?"

"Nilijikuna, kikahama."

Yawezekana. Mchanjaji mwenyewe alisema hivyo, na sipendi kumsingizia mtu jambo ambalo lina sababu yake. Lakini nikaanza kuufikiria ule mkono. Kwa nini vidole navyo vilifungwa? Mama ni mtu wa haya, na akiwa eda haya zinazidi, basi huenda ni hivyo. Lakini mama mdogo alikuwa na hina kwenye kucha, na mjane hapaki hina. Kama mkono ulikuwa wake, vidole vingemfichua. Nilijaribu kukumbuka kama ulikuwa wa kulia au wa kushoto. Siku moja niliuona wa kulia, siku ya pili wa kushoto, na kila siku niliuona waziwazi kabisa.

Haya yote yangebaki mawazo ya mtu asiye na kazi, lakini mama akashikwa na homa.

Sasa ule mkono ukawa ndio kila kitu. Ikiwa ulikuwa wa mama, basi homa hii huenda ni ya chanjo, na ni heri. Ikiwa haukuwa wake, basi ni ndui ya shangazi imefika, nami nitamzika mama kabla hajamaliza eda ya baba. Homa ni moja. Niliigusa kwa kiganja changu kwenye paji la uso wake, na kiganja hakikunieleza kitu.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, baba."

"Mkono unauma?"

"Mkono upi?"

"Uliochanjwa."

"Mwenye homa kila kitu humuuma," alisema, akageukia ukutani na kujivutia shuka mpaka kidevuni.

Nikamfuata mama mdogo jikoni. Nilimwomba anitazamie yeye mkono wa mama, mwanamke kwa mwanamke.

"Mimi nilale naye mkeka mmoja kila siku, halafu nikamkague kama mbuzi wa mnada? Na wewe unataka kumvua mamako nguo sasa?"

"Nataka kujua tu."

"Ukijua, homa itashuka? Mpelekee maji."

Nilipeleka maji. Hakukosea, maji yalihitajiwa. Ila nami sidhani nilikosea kuuliza. Nilikuwa nimefika darasa la nne tu, na huko hatukufundishwa mtu afanye nini mamake na mama mdogo wanapomjibu hivyo. Nikimwita mchanjaji, na ikawa ni ndui, watamtoa mama kumpeleka kwenye kile kibanda. Mwalimu wa chuo cha Kurani alikuwa amesimama njiani akatupazia sauti kwamba dharura humruhusu mjane kutoka. Mama alimsikia, akazidi kujifunika. Na nisipomwita, na ikawa ni ndui, basi nimekaa nikamtazama tu.

Mwisho nikamwita jirani kwa mbali, nikamwomba ampelekee mchanjaji habari. Mama mdogo aliposikia akaliweka chini sufuria lenye uji, akaniambia, "Haya, umemuuza dadangu." Hakusema nami tena mpaka baiskeli ikafika.

Safari hii niliingia mwenyewe ndani ya pazia, nikakaa karibu na mama. Nilimwambia ama atoe mkono nikiushika mimi, ama nilale pale pale mlangoni asipite mtu mpaka autoe. Kisha akautoa, wa kushoto, nami nikaufunika kwa leso mpaka pakabaki padogo.

Kidonda kilikuwapo. Kimoja, kidogo, chini ya pale penye changu, karibu na kiwiko.

Mchanjaji akainama pale kwenye upenyo wa pazia. "Imeshika," alisema. "Hii homa yaelekea ni yake." Kisha akatazama tena. "Ila mimi huchanja juu ya hapa."

"Pazia lilikuwa katikati," nikasema.

"Ndiyo, lilikuwapo. Siwezi kuapa." Akauliza kwa sauti, "Mama, ni mimi niliyekuchanja?"

"Kwani nani?" akasema mama.

"Mungu," akasema mama mdogo, wakati ule ule.

Mchanjaji akacheka, akafunga kisanduku. Nje aliniambia kwamba watu wakilala mkeka mmoja, na kidonda cha mmoja kinatoka majimaji, cha pili huweza kuchipuka kwa mwenzake bila sindano. Amewahi kuona. Nikamwuliza, je, hapa ndivyo ilivyokuwa? Akasema yeye kazi yake ni kuangalia kama imeshika, na imeshika.

Homa ikamtoka mama, na hapana kipele kilichomtoka. Nilifurahi mpaka nikalia. Lakini furaha yangu haikujua ikae wapi. Ikiwa mkono ulikuwa wa mama, nilimdhania mama mdogo ubaya bure. Ikiwa ulikuwa wake, alitudanganya kwa jambo la kufa na kupona, kisha udanganyifu wenyewe, kwa kulala mkeka mmoja, ndio uliomkinga dadake. Sikumwomba radhi, maana sikujua kama nimemkosea. Sikumshukuru, kwa sababu hiyo hiyo. Nilikwenda kisimani nikamjazia mitungi yote, hata ule uliokuwa ukivuja.

"Una nini leo?" akaniuliza.

Nikamwambia sijui, na hapo nilisema kweli.