Kiongozi wa Sufuria

Julai 2016, runinga ya hoteli ya mtaa wa West Bay, huko Uarabuni, alikokuwa akilinda Japheth, ilionyesha waziri mkuu mpya wa Uingereza. Nusu ya chama chake ilitaka nchi ijitoe Umoja wa Ulaya, nusu ibaki. Wageni Waingereza wakasikitika: kazi ngumu! Japheth akacheka. Ngumu? Yeye wiki hiyo alikuwa amechaguliwa kiongozi wa chumba cha walinzi, Wakenya watupu. Nusu yao walikuwa wamepiga kura kujitoa kwenye sufuria ya pamoja, eti wajitawale. Uhuru mtamu, jamani!

Jioni alisonga ugali wa waliobaki. Waliojitoa ndio waliotangulia, sahani mkononi.

“Si mlijitoa nyinyi?” akafoka.

“Tulijitoa kwenye kupika, mheshimiwa,” akajibu Wanjohi, kinara wao. “Nani amekuambia tumeacha kula?”