Maji Niliyoyahesabu Mashimoni

Niliwahi kuhesabu maji ambayo hayakuwepo, na niliyahesabu nikiwa kitandani, blanketi hadi kidevuni, kikombe cha chai pembeni. Nasema mapema ili msomaji asije akadhani anasoma maneno ya mtu wa maana.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Kikundi kimoja cha wananchi kilitaka kujua pesa za serikali zinazotengwa kwa maendeleo ya mitaa yetu zimefanya nini hasa. Kila mradi uandikwe chini ya mada yake, maji, usafi, taa, barabara, vijana, halafu ionyeshwe kama umekamilika au umekwama. Wakatafuta watu wa hapa hapa, waliomaliza kidato cha nne, wenye simu isiyozimikazimika. Nikapewa Kawangware na kipande cha Kibera. Sharti lilikuwa moja tu: nenda usimame mbele ya mradi, uuone kwa macho yako.

Sasa, mimi na kutoka nje hatupatani. Ploti yetu ya vyumba vya kupanga iko Kawangware, upande wa Riruta, na kuna wiki ambazo safari yangu ndefu kuliko zote ni kwenda kuanua nguo. Kawangware nilijikaza nikatembea. Lakini Kibera! Kuna jua, kuna matope, halafu kuna watu wanaotaka kusalimiwa. Nikaomba watu wa kule wanitumie picha kwa simu.

Picha ya Mashimoni, mtaa mmoja wa Kibera, ilikuja safi kabisa. Bango jipya la mradi wa maji, tangi jeusi juu ya nguzo, mfereji wa kutekea, na mbele yake mitungi ya manjano imepangwa foleni mpaka nje ya picha. Nikajiambia, foleni ndefu namna hii, maji si yanatoka? Nikaandika chini ya mada ya maji: umekamilika, unatumika. Nikageukia upande wa pili wa kitanda.

Mtu aliyekulia Nairobi hakosei hapo. Mfereji ukitoa maji, mitungi haikai; inajazwa, inabebwa, inaondoka. Mitungi ikilala foleni bila wenyewe, ujue watu wameweka nafasi wakaenda zao, wanangoja maji ambayo hakuna anayejua yatakuja lini. Mimi mwenyewe hupanga wangu hivyo hivyo hapa kwenye ploti. Ushahidi wa kiu ulikuwa mbele ya macho yangu, nami nikausoma kama ushahidi wa maji.

Sikujua nilichofanya mpaka jioni moja, aliporudi jirani yangu wa mlango wa pili, mama anayeuza samaki wadogo wa omena, bega moja limelowa. Mama yake mzazi anaishi Mashimoni na goti limemkataa. Kwa hiyo binti hufunga biashara mapema, aende kumtekea maji mbali, karibu kufika kwenye ghorofa za Nyayo Highrise, ndipo arudi kupikia watoto wake.

“Unajua wametoa Mashimoni kwa ile orodha ya mitaa inangoja pesa ya maji?” akaniambia. “Ati maji iko. Ati kuna mtu alihesabu akaona iko.”

“Haiwezekani!” nikasema, kwa uchungu wa mwigizaji.

“Ningempata huyo mjinga!”

“Huyo ni mjinga kabisa,” nikakubali. Sidhani kuna mtu amewahi kujitukana kwa moyo mkunjufu namna ile.

Akanitazama. “Na wewe si ulikuwa unahesabu miradi? Ulihesabu za nini?”

“Za taa,” nikasema.

“Taa. Sawa, karani.”

Akaingia kwake. Baadaye kidogo akaniletea omena kwenye sahani iliyofunikwa, maana anajua mimi huweza kuishi kwa chai na mkate mpaka mtu anihurumie. Nilikula. Na hilo pia acha niliandike: nilikula zote.

Jumamosi nikaenda Mashimoni, nilikopaswa kwenda tangu mwanzo. Nilifungua mfereji, ukatoa pumzi kidogo, basi. Bomba lilishuka vizuri kutoka kwenye tangi, likapita nyuma ya choo, likaishia hewani, mdomo wazi, halijaunganishwa na kitu chochote. Mama mmoja aliyekuwa akianika nguo akaniuliza kama nami nimekuja kupiga picha.

“Simama hapo kwa hilo jiwe,” akanielekeza. “Wote husimama hapo. Hiyo bomba haionekani.”

Nikampitia mama wa jirani yangu, nikajitambulisha kuwa tunaishi ploti moja na bintiye. Alifurahi kupita kiasi. Akaanza kunipikia chai. Nilimwona akiuinamisha mtungi, akautikisa, mpaka tone la mwisho likaingia kwenye sufuria. Nikasema hapana, nimeshiba, nina haraka.

“Kunywa, bwana,” akasema. “Huyo msichana wangu ataleta mengine jioni.”

Nikainywa yote.

Msimamizi wa kikundi nilimpigia simu. Alishusha pumzi kabla sijamaliza. Orodha ilishapelekwa kwa wanaogawa pesa, akasema. Kilichobaki ni kikao cha wananchi kule Kibera, ambapo miradi ya mwaka ingesomwa mada kwa mada. Aliyekosea asimame aseme mbele ya watu.

Nikaenda, nikakaa karibu na mlango, mahali pa watu wa kukimbia. Jirani yangu alikuwa mbele. Walipofika kwenye maji wakairuka Mashimoni, ukumbi ukaanza kunong’ona. Nilikuwa nimejitayarishia hotuba yenye maneno mazito kama takwimu na uwajibikaji. Yote yalinitoroka.

“Hayo maji ya Mashimoni niliyaandika mimi,” nikasema. “Sikwenda. Niliona mitungi kwa picha.”

Ukumbi ulicheka. Walielewa papo hapo mitungi ile ilikuwa ikifanya nini pale. “Buda, wewe ni wa Nairobi gani?” mtu akapaza sauti.

Mwenyekiti hakucheka. Alisema mradi utarudishwa kwenye iliyokwama na mtu atatumwa kuukagua, lakini pesa za maji za mwaka huu zilikuwa zimeshagawiwa mitaa mingine. Muda wote huo jirani yangu hakugeuka kunitazama, na afadhali angenitukana.

Nilimngoja nje. Alitoka na mitungi miwili mitupu, maana hapo alikuwa akipitia kwenda kuteka. Nikamwambia samahani. Nikamwambia ile ya taa ilikuwa uongo. Nikamwambia nimekaa siku nyingi bila usingizi. Alinisikiliza huku akikaza leso kiunoni, kisha akanisukumia mtungi mmoja kifuani.

“Stori ya usingizi wachana nayo,” akasema. “Mama hana maji leo, na mwaka mzima hatakuwa nayo juu ya uvivu yako. Beba, twende, na usinipumzikie-pumzikie njiani kama bibi harusi.”