Upande wa Matopeni

Mimi kazi yangu ilikuwa kupima mashamba, na maringo nilikuwa nayo, sifichi. Miaka ile, kabla Wadachi hawajatuletea mizinga yao, warithi wa Bagamoyo wakigombana walisema, "Mwiteni yule wa kamba." Basi nami huyo, kanzu nyeupe pee, kidevu juu.

Siku moja wakaniita Mbegani. Dada wawili walikuwa wamefiwa na baba yao. Mkubwa mumewe alifanya biashara ya bara, hakuwa na shida. Mdogo alikuwa mjane mwenye watoto watatu, na tegemeo lake ni minazi tu. Njia iliyonyooka kutoka kisimani ililikata shamba, likatoka vipande viwili, kila kimoja cha pembe tatu. Walitaka kujua jambo moja: je, vipande ni sawasawa?

Kazi hii alinifundisha marehemu baba yangu. Pande zote tatu zikilingana, vipande ni sawa. Pande mbili na pembe iliyo kati yake zikilingana, ni sawa. Pembe mbili na upande ulio kati yake, sawa pia. Lakini pande mbili na pembe ya pembeni, isiyo kati yake, alinionya, usimwapie mtu.

Kipande cha mkubwa nilikipima chote, pande na pembe. Cha mdogo, upande wa kwanza ni njia ile ile. Wa pili nikaupima, kamba ikasema sawa. Wa tatu ulipita kwenye matope ya mikoko. Mimi na kanzu yangu? Thubutu! Basi ilinipasa nipime pembe iliyo kati ya zile pande mbili, kule mwisho wa njia. Lakini vijiti vyangu vya kupimia pembe nilikuwa nimeviacha kisimani, na jua lilikuwa kali. Nikarudi kisimani, nikapima pembe ya palepale. Ikalingana na mwenzake. Nikatangaza: sawasawa!

"Fundi," akasema mdogo kwa upole, "na huku matopeni?"

"Bibi, unanifundisha kazi?"

Akainamisha kichwa. Tukapanda mibono kando ya njia, ikasomwa Fatiha, na kwetu mpaka uliosomewa Fatiha hausogezwi.

Mwaka uliofuata nilikwenda kukata boriti kwenye mikoko ile, maji yamekupwa, nimejifunga shuka kuukuu. Kamba ninayo. Nikasema ngoja niupime ule upande wa tatu. Pungufu pima kumi na mbili kuliko wa dada mkubwa! Ya Rabi! Ule upande wa pili ulikuwa umelalia ndani, kama mlango uliorudishwa nusu, na pembe ya kisimani ikabaki vilevile. Nilikaa matopeni nikajilaani. Nilikuwa nimemdhulumu mjane kwa ajili ya kanzu.

Nikaenda kwa dada mkubwa nimweleze.

"Karibu, fundi wetu!" Akaniandalia wali na samaki wa kupaka. Kabla sijafungua kinywa, akaanza yeye: "Wallahi, mdogo wangu ananitia aibu. Shamba lake sawa na langu, wewe ndiye shahidi, lakini nazi hazimtoshi. Uvivu tu. Kila Ijumaa yuko hapa mlangoni anaomba, nami nampa sadaka." Akanisogezea sahani. "Au nasema uongo, fundi?"

"Husemi uongo, bibi," nikajibu, nikanawa mikono, nikala.